Je, Wajua? Msomaji Ndiye Aliyemgeuza Mnyonya Damu Kuwa Mchumba

Mchumba hana mapigo ya moyo. Au anayo, ila mwezi ukiwa mpevu huota manyoya na kukimbilia msituni. Hizo ndizo riwaya za mahaba ya ghaibu: mapenzi ya binadamu na vampaya, binadamu na jini, binadamu na malaika aliyeanguka. Wapo wanaozisoma hadi alfajiri, na wapo wanaozifunga baada ya kurasa kumi. Safu ya leo ni ya makundi yote mawili, kwa kuwa katika riwaya hizi maoni ya wasomaji yana nguvu kubwa. Barua zao, hasira zao na fedha zao ndizo zilizoamua nani afe, nani aishi na nani aolewe.

HOFU KABLA YA MAHABA

Je, wajua kwamba vampaya wa kwanza mwenye mvuto katika hadithi za Kiingereza alizaliwa kwa sababu ya mvua? Mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa majira ya joto. Kando ya Ziwa Geneva, vijana waliofungiwa ndani na hali mbaya ya hewa wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mmoja wao, binti wa miaka 18 aliyekuja kujulikana kama Mary Shelley, akaanza Frankenstein. John Polidori, daktari wa mshairi Lord Byron, akalichukua wazo ambalo Byron aliliacha njiani, akalifanya kuwa The Vampyre.

Je, wajua kwamba hadithi hiyo ilipochapishwa mwaka 1819 ilitolewa kwa jina la Byron? Polidori alilalamika, na Byron mwenyewe akaikana, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Wasomaji waliikimbilia kwa sababu walidhani wanasoma siri za bwana yule maarufu. Ndani yake walimkuta Lord Ruthven: mtanashati, tajiri, baridi, hatari kwa kila mwanamke anayemkaribia. Mnyonya damu wa vijijini, aliyekuwa maiti iliyovimba, akapata suti na mialiko ya karamu.

Je, wajua kwamba vampaya anayejichukia ana umri mrefu kuliko Dracula? Kati ya 1845 na 1847 wasomaji wa Uingereza walinunua Varney the Vampire vipande vipande, kila wiki kwa peni moja. Varney anaua, kisha anajuta, kisha anaua tena, mpaka mwishowe anajitupa ndani ya mlima wa moto Vesuvius. Kila shujaa wa leo anayemwambia msichana amkimbie kwa usalama wake ni mjukuu wa Varney.

Je, wajua kwamba mwanamke alitangulia? Carmilla ya Joseph Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland, ilikamilika mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula. Vampaya wake ni msichana, na anayempenda na kumdhuru ni msichana mwenzake, Laura. Laura anavutwa na kuchukizwa kwa wakati mmoja. Hisia hizo mbili katika kifua kimoja ndizo ambazo riwaya hizi zimekuwa zikiziuza tangu hapo.

Je, wajua kwamba Dracula hutembea mchana? Katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, jua humpunguzia nguvu tu, haliwezi kumuua. Iliyomfanya vampaya ayeyuke kwa mwanga ni filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu. Basi wasomaji waliomkejeli Edward, vampaya wa riwaya ya Twilight, kwa sababu ngozi yake humetameta juani badala ya kuungua, wakidai vampaya halisi hafanyi hivyo, walikuwa wakiitetea kanuni ya sinema kwa kudhani ni ya kitabu.

Je, wajua kwamba filamu hiyo ilihukumiwa kuharibiwa? Watengenezaji wake hawakuomba ruhusa ya kutumia hadithi ya Stoker. Mjane wake, Florence, aliwashtaki, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Nakala chache zilinusurika, na kanuni ya jua ikanusurika nazo.

Je, wajua kwamba mnyonya damu wa Stoker anahitaji kukaribishwa? Hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amwambie apite. Baada ya hapo huingia atakapo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kanuni hii. Amelelewa akijua kuwa mgeni hupiga hodi, hungoja karibu, na hodi ya tatu isipojibiwa hurudi alikotoka. Ikumbuke hodi hii; tutaihitaji mwishoni.

BARUA ZILIZOMWOKOA BARNABAS

Je, wajua kwamba tamthilia ya mchana ndiyo iliyomfanya vampaya apendwe majumbani? Dark Shadows ilianza kwenye runinga ya Marekani mwaka 1966, ikayumba. Mwaka 1967 waandishi wakamwingiza vampaya, Barnabas Collins, akae wiki chache, atishe watu, kisha auawe. Watazamaji wakakataa. Barua zikamiminika kwa maelfu, nyingi zikiwa za mashabiki waliomhurumia yule mzee wa karne mbili anayemlilia mpenzi aliyempoteza. Mwigizaji Jonathan Frid alibaki hadi tamthilia ilipokwisha mwaka 1971.

Je, wajua kwamba aliyeandika riwaya za Dark Shadows kwa jina la kike la Marilyn Ross alikuwa mwanamume? Ni Dan Ross wa Kanada, na alitoa vitabu 32 katika mfululizo huo. Mchapishaji alijua nani ananunua, akaona jina la mwanamke litamtuliza mnunuzi.

Je, wajua kwamba nyuma ya Interview with the Vampire kuna msiba wa kweli? Mwaka 1972 Anne Rice alimpoteza binti yake, Michele, kwa saratani ya damu, kabla mtoto hajatimiza miaka 6. Riwaya ilitoka mwaka 1976, na ndani yake mna Claudia, mtoto wa miaka 5 ambaye hafi wala hakui. Vampaya wa Rice hakuwa tena adui wa kuwindwa. Alikuwa msimulizi, akieleza upweke wake mwenyewe, na msomaji aliyefiwa alijiona humo.

Je, wajua kwamba Rice alibadili maoni yake hadharani? Tom Cruise alipochaguliwa kuigiza vampaya Lestat katika filamu ya riwaya hiyo, mwandishi na wasomaji wake walipinga kwa sauti moja. Mwaka 1994 Rice akaitazama filamu, kisha akalipia tangazo kwenye gazeti la Variety kumsifu Cruise. Kukiri kosa kwa gharama yako mwenyewe si jambo dogo, nami humheshimu kwa hilo hadi leo.

Je, wajua kwamba aliwahi pia kugombana na wasomaji wake? Mwaka 2004, wengi walipokiponda kitabu chake Blood Canticle kwenye tovuti ya Amazon, aliwajibu hapo hapo kwa maneno marefu na makali. Aliwaambia wasioridhika wampelekee kitabu nyumbani, naye angewarudishia fedha zao.

SHERIA YA RAHA MUSTAREHE

Je, wajua kinachotenganisha riwaya ya kutisha na riwaya ya mahaba ya ghaibu? Si meno wala damu. Ni mwisho. Chama cha waandishi wa riwaya za mahaba cha Marekani kilifafanua mahaba kwa mambo mawili: hadithi ya mapenzi iwe kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Ngano zetu zina kauli yake: wakaishi raha mustarehe. Kwa kipimo hicho Dracula haimo, na Interview with the Vampire haimo. Twilight imo.

Je, wajua kwamba kuna mtafiti aliyekwenda kuwauliza wasomaji wenyewe? Janice Radway alichapisha Reading the Romance mwaka 1984, baada ya kuwahoji wanawake 42 wa mji mmoja wa Marekani ambao jina lake alilificha. Walimweleza kuwa kitabu kiliwapa muda wao wenyewe, mbali na madai ya mume, watoto na jiko. Baadhi walisoma mwisho kwanza, kabla ya kununua, ili wasije wakatoa fedha kwa ajili ya majonzi. Radway aliwaheshimu, lakini pia aliuliza swali gumu: je, raha hiyo humpa mwanamke nguvu ya kubadili maisha yake, au humpa subira ya kuyavumilia? Swali hilo limetangulia Twilight kwa miaka 21, na wasomaji wa Twilight walilirudia karibu neno kwa neno.

Je, wajua kwamba uwanja huu haukujengwa na Wamarekani peke yao? Nalini Singh alizaliwa Fiji, akakulia New Zealand. Slave to Sensation, riwaya yake ya 2006, ilianzisha ulimwengu wa watu wanaogeuka chui na watu waliofundishwa tangu utotoni kuzima hisia zao. Mashabiki wake humsifu hasa kwa jambo moja: kwake hatari kubwa si meno ya mpenzi, ni moyo uliokatazwa kuhisi.

MSICHANA, KIJANA NA MJI WA MVUA

Je, wajua kwamba Twilight ilianza kwa ndoto yenye tarehe? Stephenie Meyer anasema aliota tarehe 2 Juni 2003: msichana na vampaya wakizungumza katika uwanda wa maua porini. Alikuwa mama wa watoto watatu wadogo, hajawahi kuchapisha kitu. Katika miezi mitatu mswada ulikuwa tayari. Aliandika barua 15 kwa mawakala: watano hawakujibu, tisa walikataa, mmoja alikubali. Kitabu kilitoka tarehe 5 Oktoba 2005.

Je, wajua kwamba alipokuwa akiandika hakuwa amekanyaga Forks? Alitaka mahali penye mvua nyingi kuliko kwingine Marekani, akatafuta kwenye intaneti, akaupata mji huo mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Washington. Leo mashabiki huenda huko kila Septemba, karibu na tarehe 13, siku ya kuzaliwa ya Bella, msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Je, wajua kwamba Waquileute ni watu halisi? Ni kabila la wenyeji wa pwani ya Washington, jirani na Forks. Simulizi yao ya asili husema kuwa waligeuzwa kutoka mbwa mwitu wakawa watu. Haisemi kwamba usiku hurudi kuwa mbwa mwitu, wala haiwataji vampaya. Makumbusho ya Burke ya Seattle yalishirikiana nao kueleza tofauti kati ya historia yao na riwaya. Wakati wasomaji duniani walipokuwa wakibishana juu ya Jacob, kijana Mquileute wa Twilight anayegeuka mbwa mwitu, jamii hiyo ilikuwa ikipigania ardhi ya juu ili ihamishe shule yake mbali na hatari ya tsunami. Sheria ya kuwapa ardhi hiyo ilisainiwa mwaka 2012. Anayempenda Jacob anawajibika kulijua hilo.

Je, wajua Edward ana umri gani? Alizaliwa mwaka 1901, akageuzwa mwaka 1918 alipokuwa akifa kwa mafua makali huko Chicago. Bella ana miaka 17. Kundi moja la wasomaji husema miaka ya vampaya haihesabiki, kwani mwili na moyo wake vilisimama ujanani. Kundi jingine husema mtu aliyeishi karne nzima anajua mengi mno kuwa sawa na mwanafunzi wa sekondari. Ubishi huu haujaisha, na haupaswi kuisha kirahisi, maana chini yake kuna suala la nani ana uwezo juu ya nani.

Je, wajua kwamba Breaking Dawn iliuza nakala milioni 1.3 Marekani katika siku yake ya kwanza, tarehe 2 Agosti 2008? Na je, wajua kwamba baadhi ya walionunua walihimizana kukirudisha dukani? Walichukizwa na Jacob kufungamanishwa milele na mtoto mchanga, na walichoshwa na vita vilivyoandaliwa kurasa nyingi kisha visipiganwe. Filamu ya 2012 ilipotoka, vita vilikuwemo, vichwa vikaruka, halafu ikabainika kuwa ni maono tu. Ukumbi ulipata ulichokitaka bila mtu kufa vitani.

Je, wajua kwamba riwaya hizo zilipingwa kutoka pande mbili zisizokaa meza moja? Mwaka 2009 na 2010 mfululizo wa Twilight uliingia katika orodha ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani. Wazazi wengine waliona mna ashiki na uchawi. Watetezi wa haki za wanawake nao waliona mna msichana anayeokolewa kila sura.

Je, wajua kwamba Meyer aliwajibu hao wa pili kwa kitabu kizima? Mwaka 2015, katika kuadhimisha miaka 10, alitoa Life and Death: hadithi ile ile, lakini sasa binadamu dhaifu ni mvulana, Beau, na vampaya ni msichana, Edythe. Hoja yake ilikuwa kwamba udhaifu ulitokana na ubinadamu, haukutokana na uke. Wapo walioshawishika. Wengine walisema jibu la kweli lingekuwa kumpa Bella maamuzi zaidi, si kumbadili jinsia.

Je, wajua kwamba uvujaji mmoja ulichelewesha kitabu kwa miaka 12? Mwaka 2008 sura za Midnight Sun, hadithi kwa macho ya Edward, zilisambazwa bila idhini. Meyer akauweka mswada kando. Ulitoka tarehe 4 Agosti 2020, na wasomaji waliokuwa wanafunzi mwaka 2008 wakaununua wakiwa wazazi.

MSOMAJI ANAPOSHIKA KALAMU

Je, wajua kwamba Fifty Shades of Grey ilianza kama hadithi ya shabiki wa Twilight? E. L. James aliwaandika Edward na Bella bila meno wala damu, kwa jina la Master of the Universe, kisha akabadili majina. Kufikia mwaka 2014 nakala zaidi ya milioni 100 za mfululizo huo zilikuwa zimeuzwa. Maoni ya msomaji mmoja yalikua yakawa maktaba.

Je, wajua kwamba mwandishi wa The Vampire Diaries aliondolewa kwenye vitabu vyake mwenyewe? L. J. Smith alianza mfululizo huo mwaka 1991 kwa mkataba ulioipa kampuni haki zote. Mwaka 2011 kampuni ikampa kazi mtu mwingine. Wasomaji walikasirika, na Smith hakukata tamaa. Amazon ilipofungua mlango kwa mashabiki kuuza hadithi zao kuhusu ulimwengu huo, mwaka 2014 akapita mlango huo huo, akaendeleza wahusika aliowaumba yeye, kama shabiki miongoni mwa mashabiki. Katika mambo yote ya safu hii, hili ndilo linalonigusa kuliko yote.

Je, wajua kwamba Charlaine Harris alimaliza mfululizo wake wa vitabu 13 katikati ya ghadhabu? Dead Ever After ya 2013, kitabu cha mwisho cha Sookie Stackhouse, kilivuja kutoka Ujerumani kabla ya siku yake. Mashabiki wa Eric na mashabiki wa Bill, vampaya wawili waliompenda Sookie, waliona wote wawili wamekosa: Sookie alibaki na Sam, mwenye baa, anayejua kugeuka mbwa. Waliomtetea mwandishi walikumbusha kuwa Sam anaweza kuota jua pamoja naye. Mimi naona walisoma vizuri. Mwanamke aliyeanza kwa kupenda usiku alichagua mchana.

Je, wajua kwamba katika vitabu hivyo Sookie aweza kuifuta karibu yake? Akitamka tu kuwa hamkaribishi tena, vampaya hutolewa nje apende asipende. Hakuna kanuni ya riwaya hizi ambayo wasomaji wanawake wanaielewa upesi zaidi.

Je, wajua kwamba moto haujazimika? Januari 2025, Onyx Storm ya Rebecca Yarros, yenye mahaba na wapanda madragoni, iliuza nakala zaidi ya milioni 2.7 katika wiki moja. Vijana walioisukuma walifanya hivyo kwa video fupi za simu, wakilia na kucheka mbele ya kamera. Barua za Barnabas zimepata sura mpya.

NA SISI?

Je, wajua kwamba mnyonya damu wa Afrika Mashariki hakuwahi kuwa mchumba? Enzi za ukoloni watu wa Kenya na Uganda walisimulia juu ya wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani wakawaita mumiani, neno ambalo awali lilikuwa jina la dawa nyeusi kama gundi. Mwanahistoria Luise White aliandika juu ya simulizi hizo katika Speaking with Vampires mwaka 2000. Mnyonya damu huyu hakuwa na joho wala kasri. Alikuwa na kazi ya serikali, na aliyemhofu alikuwa akisema jambo zito kuhusu utawala uliowala watu.

Je, wajua kwamba jini alipata nafasi nzuri zaidi? Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anamleta Huria, binti wa mfalme wa majini, anayelipa wema kwa wema. Lakini penzi la Adili liko kwa Mwelekevu, binadamu mwenzake. Jini ni mtetezi; hapewi nafasi ya mke.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina jina la mpenzi asiyepiga hodi? Pwani humwita jini mahaba: humjia mtu usingizini, humpenda kwa wivu, humfungia njia ya ndoa. Watu hawamngoji kwa hamu. Humtafutia kisomo na dawa aondoke. Sasa mpe msomaji wa Tanga au Mombasa Twilight, afike pale Bella anapogundua kuwa Edward amekuwa akiingia chumbani kwake usiku na kumtazama amelala, bila yeye kujua. Atakuwa na neno tayari kwa jambo ambalo wasomaji wa Marekani walilibishania kwa miaka. Si lazima akifunge kitabu. Aweza kukisoma hadi mwisho, akampenda Edward, na bado akashikilia kwamba kijana yule alipaswa kubisha mlango na kungoja karibu.

Maoni hayo yana thamani, nawe uliye nayo usiyameze. Yaandike, yatume kwa watunzi wetu wanaoandika mapenzi ya ghaibu kwa Kiswahili. Barua ndizo zilizomwokoa Barnabas.